Mchumba alinipeleka Amboy: taa zinawaka, vyumba hakuna

Mpenzi msomaji, umewahi kufika gesti jioni, taa zinawaka, bango linasema nafasi zipo, halafu ukaambiwa hakuna kitanda hata kimoja? Tena si kwamba zimejaa, la! Vyumba viko vitupu kabisa, ila havipangishwi.

Mimi yalinikuta. Wala si Manzese wala Mbagala, yalinikuta majuu, jimbo la California, katikati ya jangwa la Mojave, kwenye kijiji kinachoitwa Amboy. Ilikuwa Desemba 2019. Miaka yote hii nimewasimulia shoga zangu wa saluni tu. Leo nimeona niimwage hapa.

Nilikwenda kwa mchumba. Jina lake nalihifadhi, si kwa wema, ila dada zake wako hapa hapa mjini na magazeti ya namna hii wanayasoma sana. Tulikuwa pamoja tangu chuo. Mwaka 2012 akaondoka na viza ya matembezi, akasema atatafuta shule huko huko. Mwaka 2015 wajomba zake walileta barua ya posa nyumbani kwetu Magomeni, mahari ikatolewa nusu, pilau likaliwa, yeye mwenyewe akiwa kwenye simu ya video, anacheka. Ndoa lini? Mwakani. Ukifika mwakani, inakuwa mwakani tena.

Basi nikadunduliza mshahara, nikaziunganisha likizo, ubalozini nikapenya. Siku ya kuondoka shangazi alinishika mkono mlangoni. "Mwanangu," akasema, "usiniletee manukato, usiniletee viatu. Niletee siku." Alimaanisha siku ya ndoa. Shangazi yangu hana maneno mengi, lakini machache anayoyasema yanakuganda kama tope la Jangwani.

Jamaa alikuwa anaishi San Bernardino, mwendo wa saa moja na ushee kutoka Los Angeles foleni ikikuhurumia. Kazi yake maghala. Sisi huku tunasema "anabeba maboksi" kwa utani, mwenzenu nilikuta ni maboksi kweli! Usiku anapakia, mchana analala, chumba kimoja na Wakenya wawili. Kwa ajili yangu waliniachia chumba, wao wakalala sebuleni. Watu wazuri, Mungu awabariki.

Siku nne za mwanzo nilibembelezwa hasa. Lakini kila nikitaja siku, naonyeshwa kitu. Nikisema ndoa, tunakwenda kuona bahari. Nikisema shangazi ameniagiza, tunakwenda kula kuku. Kuku wenyewe wa mgahawa mmoja wa pale, Juan Pollo, wanazungushwa motoni mpaka mafuta yanadondoka. Niliwala mara tatu, sikatai. Mara ya tatu ndiyo akaniambia, "Unajua mwenye kuku hawa ana mji wake?"

"Mji wake kivipi?"

"Ameununua. Kesho nakupeleka Las Vegas, ila tutapita njia ya zamani ukauone."

Tuliondoka asubuhi. Mpaka Barstow barabara ni nzuri, magari yanakwenda kama yanafukuzwa. Mbele ya Barstow ukiendelea na Barabara kuu ya 40 utafika mahali panaitwa Ludlow. Hapo tukachepuka, tukaingia lami nyembamba yenye viraka. Hiyo ndiyo Barabara ya 66, ambayo wazungu wanaiandikia nyimbo na kuichapa kwenye fulana. Msomaji, usidanganyike na fulana. Ni mabonde na matuta, gari linacheza kama daladala bovu, na kwa zaidi ya kilomita 40 tulipishana na magari ambayo ningeyahesabu kwa vidole na kubakiza vidole. Kulia kulikuwa na mlima mweusi wa volkano, umekatika kileleni kama chungu kilichovunjika mdomo. Kushoto, reli. Treni za mizigo zinapita ndefu mno, kontena juu ya kontena, na hakuna hata moja inayosimama.

Halafu kwa mbali ukaona bango.

Ni kubwa, futi 50 kwenda juu, mshale mwekundu unaoelekea chini kama unakwambia "ni hapa hapa, usipite." Limeandikwa Roy's, limeandikwa moteli, limeandikwa mgahawa, na neno moja la Kiingereza lenye maana ya nafasi zipo. Chini yake kuna jengo la mapokezi lenye vioo na paa lililoinamia upande mmoja, vibanda vyeupe vya wageni vimejipanga mstari, pampu za mafuta, na duka. Ng'ambo, posta. Pembeni, kanisa lisilo na waumini na shule isiyo na watoto, ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Hapo mji umekwisha. Watu niliowaona wanaishi au kufanya kazi pale hawakuzidi wanne.

Mimi nilitegemea magofu. Kilichonishtua ni kwamba kumefagiliwa. Vibanda vimepakwa rangi. Ukichungulia dirishani, ndani hamna kitu.

Jamaa alikuwa anaijua historia ya pale kuliko anavyoijua ya ukoo wake. Alinitembeza huku anasimulia, na mengine nikaja kuyasoma mwenyewe baadaye, kwa hiyo nikupe kwa ufupi.

Amboy ilianza kama kituo cha reli. Mwaka 1883 mhandisi aitwaye Lewis Kingman alikuwa anagawa majina ya vituo vya kukatiza jangwa, akafuata alfabeti kama mwalimu wa darasa la kwanza. Amboy ndiyo A, mbele yake ikaja Cadiz, ikaja Danby, mpaka Fenner na Goffs. Yaani mji haukupewa jina la mto wala la chifu, ni zamu ya herufi tu.

Mwaka 1926 ikatangazwa Barabara ya 66, kutoka Chicago mpaka California, zaidi ya kilomita 3,900. Enzi hizo gari likipanda jangwani linachemka, kiyoyozi hakuna, na kiangazi cha Mojave joto linapita nyuzi 40. Upende usipende utasimama: maji ya rejeta, mafuta, tairi, kikombe cha kahawa. Fikiria Korogwe wakati mabasi yote ya Moshi na Arusha yanasimama pale, abiria wanashuka mbio kuchimba dawa na kununua machungwa. Ndivyo ilivyokuwa Amboy, tofauti ni kwamba nje ya mji kuna chumvi na mchanga tu.

Mwaka 1938 bwana Roy Crowl akafungua kituo chake, jina lake akaliweka ukutani. Baadaye akashirikiana na mkwewe, Buster Burris, na huyo mkwe ndiye aliyekuwa mashine. Gereji, mgahawa, vibanda vya kulala, kazi usiku na mchana. Inasimuliwa kwamba hata umeme aliuvuta mwenyewe kutoka Barstow, akichimbia nguzo kando ya barabara kwa pikapu kuukuu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kila Mmarekani akataka gari, na kila gari likapita Amboy. Wenyewe wanasema mji ulifikia watu 700. Mwaka 1959 ndipo likasimamishwa lile bango, ili dereva alione akiwa bado mbali na asije akapata wazo la kulala kwingine.

Mwaka 1973 ikafunguliwa Barabara kuu ya 40, pana, imenyooka, zaidi ya kilomita 10 kaskazini. Basi. Amboy haikuungua, haikusombwa na maji, haikumkosea mtu. Magari yaliacha kuja, ndiyo hivyo tu. Jana foleni ya mafuta, leo unasikia upepo. Mwaka 1985 Barabara ya 66 ikafutwa hata kwenye orodha rasmi ya serikali. Burris alishikilia miaka mingi baada ya hapo, mtu aliyejenga kitu kwa mikono yake haondoki kirahisi. Alifariki mwaka 2000.

Ndipo akaja mwenye kuku. Albert Okura, Mmarekani wa asili ya Kijapani, mwaka 2005 aliununua mji mzima kwa dola 425,000. Usishangae, kule hiyo ni bei ya nyumba moja ya kawaida. Akaahidi atauamsha. Mwaka 2008 pampu za mafuta zikafunguliwa. Na Novemba 2019, mwezi mmoja tu kabla sijafika mimi, bango likawashwa tena, baada ya kuwa kiza tangu miaka ya 1980.

"Unaona?" mchumba wangu akaniambia, macho yanang'aa. "Miaka kumi na nne anangoja yule mzee. Watu wanamcheka. Na juzi taa imewaka."

Nilimwona anapasimulia pale kama mtu anayesimulia habari zake. Wakati huo sikulitia maanani.

Kabla ya jioni akanipeleka mbele kidogo, mashariki ya mji. Kando ya barabara kuna tuta refu la udongo, limewekwa kuzuia maji ya mvua yasifagie lami. Wapita njia wamelifanya daftari. Kwa kilomita na kilomita watu wameandika majina yao kwa mawe: mawe meusi ya volkano juu ya udongo mweupe. Majina, makopa ya mapenzi, miaka, miji waliyotoka. Ningekuwa na siku nzima ningeyasoma yote, mimi napenda umbea hata wa mawe.

Na sisi tukaandika. Baridi ya jangwani Desemba si mchezo, vidole vilipasuka, lakini tulicheka kama tuko chuo. Jina lake, moyo, jina langu. Likatokea vizuri kweli.

Nikamwambia, "Weka na mwaka."

"Mwaka gani?"

"Wa ndoa, baba."

Akacheka. Akainama, akapanga 2. Akapanga 0. Mimi nimesimama na mawe mkononi ya kumpa. Akanyoosha mgongo, akajifuta mikono kwenye suruali, akatazama jua.

"Giza linaingia," akasema. "Twende ukaone taa."

Giza gani, jua lilikuwa bado liko juu ya milima! Ningeweza kuongeza tarakimu mbili mwenyewe, mawe yalikuwa tele. Sikuongeza. Niliyarudisha chini moja moja, nikaingia garini.

Tulirudi Amboy, na karibu saa kumi na moja jioni bango likawaka. Siwezi kudanganya, ni zuri. Jangwa lote linakuwa la samawati, halafu pale katikati kuna kitu chekundu kinawaka peke yake. Kulikuwa na watalii kama sita na kamera zao, kila mtu kanyamaza.

Mimi nilikuwa nimechoka, miguu inauma, na moyo umeanza kuuma pia. Nikaona yaishe, tulale hapa hapa. Nikaingia dukani, nikamwuliza kijana wa pale chumba bei gani. Akaniangalia kwa huruma. Hakuna vyumba, dada. Havijatengenezwa. Maji yenyewe ya ardhini ni ya chumvi, huwezi kunywa. Chakula? Soda na vitafunwa vya paketi, na fulana ukitaka.

"Na lile bango linalosema nafasi zipo?"

Akainua mabega. Liliandikwa hivyo tangu zamani.

Nikanunua soda mbili. Tukakaa garini, kipasha joto kinanguruma, uso wa mwenzangu mwekundu kwa ile taa. Nikamwambia, sasa nataka siku. Sitaki kuku, sitaki bahari.

Akaanza kusema, na msomaji, alisema kama mtu anayetapika.

Makaratasi hana. Viza yake ya miezi sita iliisha mwaka 2013, na shule haikuwahi kuwepo. Wana sheria yao ya mwaka 1996: ukikaa bila kibali mwaka mmoja au zaidi, ukitoka tu nje ya nchi, unafungiwa kurudi kwa miaka 10. Kwa hiyo hawezi kuja kuoa na kurudi. Akija, amekuja. Leseni ya gari anayo, maana California tangu 2015 inawapa hata wasio na kibali. Kwa hiyo anaendesha, anafanya kazi, analipa kodi, na hawezi kupanda ndege ya kwenda nyumbani.

Nikakumbuka mwaka 2017, mama yake alipofariki. Mimi ndiye niliyeshika simu makaburini ili aone. Alituambia kazini wamemnyima ruhusa. Nilimlaani bosi wake mwaka mzima, kumbe bosi wa watu hana habari.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningekwambia ungeningoja?"

Swali hilo sikulijibu, na mpaka leo sina hakika.

Halafu akanishika mkono. Akasema, baki. Tiketi yako itupe. Viza yako ina miezi, baada ya hapo tutakuwa wawili, tutapanga chumba chetu, sheria zao zinabadilika, siku moja watatoa msamaha. Akanionyesha bango kwa kidole. "Yule mzee kangoja, mama. Taa si hiyo?"

Nakwambia ukweli, niliyumba. Asikwambie mtu mapenzi ni maneno ya kwenye magazeti. Sikumwona tapeli. Ningemwona tapeli ingekuwa rahisi, ningempiga na chupa ya soda nikashuka. Niliyemwona ni kijana wangu wa chuo, amezeeka machoni, anavaa koti la ghala, na ananitaka kweli.

Lakini nikatazama vile vibanda. Taa ya bango ilikuwa inavimulika, vyeupe, vimepakwa rangi, milango imefungwa. Nikawaza, mimi nitalala wapi? Si usiku ule tu. Nina mama, nina kazi, nina wadogo zangu wawili ninaowasomesha. Nikibaki, na mimi nitazika kwa simu.

Nikamwambia, "Njoo wewe."

Akasema, "Nije na nini?"

Hapo tukanyamaza. Treni ikapita, ndefu, ikachukua dakika kadhaa kumalizika. Akawasha gari.

Las Vegas sitakusimulia. Tulifika usiku, taa nyingi mpaka macho yanauma, nikalala na nguo zangu. Tarehe 4 Januari 2020 nilipanda ndege. Uwanjani alinipa mfuko wa zawadi za shangazi, manukato na viatu.

Shangazi aliufungua mfuko, akautazama, akaufunga. Hakuuliza. Baada ya chakula akasema tu, "Basi tujipange turudishe mali ya watu." Corona ikaingilia, watu wakapoteza kazi, ikabidi tuirudishe mahari kidogo kidogo, nyingine kwa simu. Tulimaliza Aprili 2021. Wajomba zake walipokea bila maneno, mmoja tu ndiye aliyesema kwamba wasichana wa siku hizi hawana subira. Nilimwachia.

Mwaka 2022 niliolewa, na mtu wa Tabata, fundi wa friji. Siku aliitaja yeye mwenyewe kabla sijauliza.

Mwishoni mwa Januari 2023, saa nane za usiku, simu ikalia meseji. Namba ya majuu. Tulikuwa hatujaandikiana zaidi ya mwaka. Meseji fupi: mzee Okura amefariki, familia yake wanasema wataendelea na kazi.

Nikakaa kitandani. Nikaandika: pole. Nikafuta. Nikaandika tena: pole, na taa je?

Inawaka, akajibu.

Nikataka kumwuliza vyumba, nikaona huo utakuwa ukatili. Nikataka kumwuliza mawe yetu. Mume wangu akageuka, akauliza nani anatuma meseji saa hizi.

"Kuna msiba," nikamwambia. "Amboy."

"Amboy ndiyo wapi?"

Nikazima simu, nikamwambia alale.